Kuongoza kwa Penseli, Posta na Simu

Mteja aliyempigia simu Stephanie Shirley mwanzoni mwa miaka ya 1960 alisikia taipureta zikigonga kwa kasi nyuma ya sauti yake, akaridhika kwamba amefika kwenye ofisi yenye shughuli nyingi. Taipureta hizo hazikuwapo. Ulikuwa mkanda wa tepurekoda, na kazi yake ilikuwa kufunika kelele za mtoto mchanga nyumbani. Barua nazo zilitoka na saini ya "Steve". Alianza kusaini hivyo baada ya kuona barua za Stephanie hazijibiwi. Za Steve zikajibiwa.

Visa hivi viwili ndivyo watu wanavyopenda kusimulia wakimtaja, na vinachekesha kweli. Lakini huo ulikuwa ujanja wa kumpata mteja tu. Ufundi wenyewe ulikuwa upande wa pili wa waya, kwa wafanyakazi aliowaongoza bila kuwaona. Kampuni yake, Freelance Programmers, ilianza Uingereza mwaka 1962 kwenye meza ya chakula, kwa mtaji wa pauni 6. Iliuza programu za kompyuta wakati ambapo wengi hawakuamini kwamba programu ni kitu cha kuuzwa. Kati ya wafanyakazi wake 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake, na karibu wote walifanya kazi majumbani mwao, kila mmoja kwake, wametawanyika mitaani na vijijini. Hapakuwa na intaneti wala barua pepe. Tangu korona ilipotufungia ndani mwaka 2020 kila bosi amekuwa na maoni yake kuhusu kufanya kazi nyumbani, kana kwamba jambo hili limezuka juzi. Limeshatimiza miaka zaidi ya 60, na mmoja wa mafundi wake wakubwa alifanya yote kwa penseli, posta na simu ya mezani.

Shirley alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, binti wa jaji Myahudi. Julai 1939, akiwa na miaka 5, alipandishwa pamoja na dada yake kwenye treni za watoto waliokuwa wakiokolewa kutoka mikononi mwa Wanazi, akalelewa Uingereza na wazazi walezi. Akiwa na miaka 18 aliingia kituo cha utafiti cha Posta ya Uingereza kilichokuwa Dollis Hill, London, huku akisoma hisabati jioni hadi akapata shahada. Humo akajifunza kompyuta, na humo pia akajifunza jinsi mwanamke anavyofungiwa mlango. Nchi ilikuwa bado haijamruhusu mwanamke kuingia Soko la Hisa la London. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1973. Mtunga programu hodari akiolewa, au akipata mimba ya kwanza, alitarajiwa aage wenzake arudi nyumbani. Shirley aliona kwamba nchi inawatupa watu ambao imewasomesha kwa gharama, akaenda kuwaokota.

Hapa ndipo pa kuanzia, na mameneja wengi hupapita mbio. Hakuajiri mtu yeyote tu kisha akajitahidi kumwamini. Aliajiri watu ambao tayari walikuwa mafundi, waliokwishafanya kazi hiyo ofisini, wenye kiu ya kuirudia. Swali mojawapo kwa mwombaji lilikuwa hili: una simu ya kutumia? Leo linaonekana swali la mzaha. Uingereza ya wakati ule nyumba nyingi hazikuwa na simu, kwa hiyo kuuliza hivyo ilikuwa sawa na kuuliza kama fundi ana vifaa.

Tazama sasa kazi yenyewe. Kompyuta ilijaza chumba kizima, ilimilikiwa na mashirika makubwa, na muda wa kuitumia ulikuwa ghali. Mtunga programu hakuwa na haja ya kukaa karibu nayo. Alikaa na penseli na karatasi, akachora chati ya mtiririko: visanduku na mishale ya kuonyesha mashine ianzie wapi, iulize nini, jibu likiwa ndiyo iende wapi na likiwa hapana irudi wapi. Chati ikitengemaa, aliandika msimbo kwenye karatasi zilizogawanywa viboksi, herufi moja kwa kiboksi kimoja, kwa mwandiko ambao hauwezi kumfanya mtu achanganye herufi O na sifuri, au herufi I na tarakimu 1. Karatasi zikaingia kwenye bahasha, bahasha ikapelekwa posta. Kwenye kituo cha kutoboa, mpigaji aliugeuza mwandiko ule kuwa matundu kwenye kadi au kwenye utepe wa karatasi. Kisha kazi ileile ikapigwa upya, tangu mstari wa kwanza, ili kuhakiki kwamba mapigo ya mara ya pili yanalingana na matundu ya mara ya kwanza. Baada ya hapo ndipo programu ilipoikaribia kompyuta.

Mkato mmoja uliokosewa jikoni kwa mtu uligundulika baada ya safari yote hiyo, na kuusahihisha kulimaanisha kuianza safari upya. Kwa sababu hiyo watunga programu wa enzi zile walikuwa na desturi ambayo mimi naiona ni adabu kubwa ya kazi: kuipitia programu kwa mkono kabla ya kuituma. Unachukua karatasi nyingine, unachora safuwima, unajifanya wewe ndiye mashine. Mstari wa kwanza unasema jumla ni sifuri, unaandika sifuri. Wa pili unasema soma idadi ya mizigo, unaandika 40. Unashuka hivyo, mstari kwa mstari, bila kujipa ruhusa ya kubahatisha, mpaka karatasi ikuonyeshe mahali ambapo fikra zako na maandishi yako yameachana. Atakayeisoma baada yako, akiwa nyumba nyingine na mji mwingine, anarudia yaleyale.

Meneja aliyezoea kupita nyuma ya viti vya watu ataona hapa mateso matupu. Lakini mwendo huo wa pole ulimkatalia bosi jambo moja ambalo ofisi humruhusu kila siku, nalo ni kutoa maagizo nusunusu. Ofisini unaweza kumwambia mtu "lile tulilozungumza, lishughulikie", kisha ukalimalizia kwenye korido, ukaliongezea wakati wa chai, ukalibadilisha kabisa mkiwa kwenye lifti. Mfanyakazi hukisia, na akikosea unakuwa karibu kumrekebisha. Kwa Shirley pengo hilo halikuzibika kwa kukutana. Kazi ilipaswa kukatwa vipande ambavyo kila kimoja kina mipaka yake: kinapokea nini, kinatoa nini, kitajaribiwa kwa data gani, kinatakiwa lini, na kinakabidhiwa kwa nani. Kukata kazi namna hiyo ni kazi. Ndiyo sehemu ngumu kuliko zote za uongozi wa mbali, na ndiyo isiyoonekana, maana meneja anayeifanya huonekana ameketi tu anaandika.

Bahati ilimsaidia, au tuseme aliitumia vizuri. Mojawapo ya kazi za mwanzo ambazo kampuni ilipewa ilikuwa kuandika viwango vya kusimamia utengenezaji wa programu. Yaani mteja aliwalipa kuandika kile walichokihitaji wao wenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Wakavitumia viwango hivyo ndani ya kampuni, wakaendelea kulipwa miaka ya baadaye kuviboresha, na mwishowe jumuiya ya kijeshi ya NATO ikavichukua. Napenda kisa hiki kuliko kile cha tepurekoda. Kanuni zilizofaa majeshi ya nchi nyingi zilikomazwa na akina mama waliokuwa wakichunga chungu na mtoto kwa wakati mmoja.

Kampuni pia iliuza kazi kwa bei ya kupatana, si kwa saa. Yeyote aliyewahi kujenga anajua tofauti yake: fundi wa kibarua cha siku unamsimamia saa zake, fundi wa kupatana unakagua ukuta. Mteja asingekubali kulipia saa ambazo hawezi kuzithibitisha za mtu asiyemjua, nyumbani kwake, labda ana kwa ana na rundo la nguo chafu. Lakini bei ya kazi nzima alielewa. Hatari ikahamia kwa kampuni, na kampuni ikalazimika kujifunza kukadiria: programu hii ni ya ukubwa gani, itahitaji watu wangapi, itakwama wapi. Bosi asiyejua kukadiria kazi huangukia kukadiria watu, anaanza kuuliza nani aliingia saa ngapi.

Walifanya nini hasa? Shirley mwenyewe hakuipamba orodha: ratiba za treni za mizigo, ratiba za mabasi, na hesabu za ghala, hesabu nyingi mno za ghala. Kazi iliyowapa sifa ni programu ya kisanduku cheusi cha Concorde, ile ndege ya Uingereza na Ufaransa iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1969 na kupita kasi ya sauti. Kinasa kumbukumbu cha ndege hukusanya vipimo vingi kwa wakati mmoja, na kazi ya Ann Moffatt, mmoja wa watunga programu wa kampuni, na wenzake ilikuwa kuvigeuza viweze kusomeka na kuchambuliwa. Ipo picha ya Moffatt ya miaka ile ya 1960: mezani jikoni, karatasi mbele yake, mtoto kando. Mtu akiitazama haraka ataona mama anaandika orodha ya sokoni.

Shirley alipoeleza siri yao miaka ya baadaye alitaja mambo mawili tu, kuwaamini wafanyakazi na kuwa na simu. Neno hilo la kuamini limechakazwa. Siku hizi linatamkwa kwenye semina za uongozi kana kwamba ni hisia nzuri ambayo bosi huamka nayo asubuhi. Kwake lilikuwa na mifupa. Aliweza kumwamini mtu kwa sababu alimchagua akijua uwezo wake, akampa kipande cha kazi chenye mipaka, na akajua kwamba kosa litakutana na wasomaji na wahakiki kabla halijamfikia mteja. Kazi ilikaguliwa kwa ukali. Mtu aliachwa kwa amani. Kama aliandika msimbo saa nne asubuhi au saa saba usiku mtoto akiwa amelala, hilo halikuwa swali la mtu.

Linganisha na biashara inayostawi sasa ya programu za kupeleleza wafanyakazi, zile zinazohesabu vitufe vilivyobonyezwa, zinazopiga picha skrini kila baada ya dakika kadhaa, zinazotoa taarifa puku ya kompyuta ikitulia. Hofu inayoziuza ni ya kale: paka akiondoka, panya hutawala. Nazo zinapima nini? Zinapima kelele za taipureta. Mfanyakazi mwerevu huzipatia kelele hizo, kuna hata vifaa vidogo vya kusukuma puku mwenye nayo akiwa amelala, na bosi anaridhika kwamba ofisi ina shughuli nyingi. Meneja anayehitaji kifaa cha namna hiyo ameshakiri kwamba hajui kazi aliyoagiza inafananaje ikiwa imekamilika.

Uko ushahidi mwingine, wa karibu zaidi na siku zetu. Mwaka 2010 kampuni ya usafiri ya China, Ctrip, ilifanya jaribio Shanghai pamoja na Nicholas Bloom, mwanauchumi wa Chuo Kikuu cha Stanford. Wafanyakazi wa kituo cha simu waliojitolea waligawanywa kwa tarehe za kuzaliwa, shufwa na witiri: kundi moja likafanya kazi nyumbani siku 4 kwa wiki, jingine likabaki ofisini. Baada ya miezi 9 utendaji wa walio nyumbani ulikuwa umepanda kwa asilimia 13, na idadi ya walioacha kazi ilishuka kwa nusu. Matokeo haya hunukuliwa sana na wanaotaka kubaki nyumbani. Huwa hawaongezi kwamba jaribio lilipokwisha na watu wakaruhusiwa kuchagua, karibu nusu yao waliomba kurudi ofisini, na sababu kubwa ilikuwa upweke. Wala hawataji kwamba walio nyumbani walipandishwa vyeo kwa nadra kuliko wenzao wa ofisini wenye utendaji uleule.

Ctrip walikuwa na nafuu ambayo Shirley hakuwa nayo. Simu za wateja zinajihesabu zenyewe. Unajua ngapi zimepokelewa na zimechukua dakika ngapi. Programu ya ratiba za treni haijihesabu. Inaweza kuonekana imefika robo tatu kwa wiki tatu mfululizo. Ndiyo maana namhesabu Shirley kuwa fundi: aliongoza kwa mbali kazi isiyopimika kirahisi, akailazimisha ipimike kwa kuikata.

Na lile suala la vyeo, kwake lilikuwa na jibu lisilohitaji sera yoyote. Bosi naye alikuwa nyumbani. Mwanawe wa pekee, Giles, aliyezaliwa mwaka 1963, alikuwa na usonji mkali, na kwa miaka mingi Shirley aliongoza kampuni huku akimlea. Miaka ya mwanzo hapakuwa na meza kubwa ya makao makuu ambako wachache walio karibu na mwenyewe hula chakula cha mchana naye na kupata habari kabla ya wengine. Mpangilio ulio mgumu kuliko wote ni ule tulio nao katika ofisi nyingi za Nairobi na Dar es Salaam hivi sasa: nusu ya watu wako chumbani na meneja, nusu wako kwenye skrini ukutani. Walio chumbani wanacheka, walio ukutani wanauliza "samahani, mmesema nini?" Kikao kinafungwa, na uamuzi wenyewe unafanywa watu wakiwa wanakunja kompyuta zao. Kama mmoja tu yuko mbali, kila mtu aingie kikaoni kwa skrini yake, hata kama wote waliobaki wamekaa chumba kimoja. Inachosha, lakini inamrudishia yule mmoja nafasi sawa.

Sitaki kumfanya malaika. Jina lenyewe la kampuni lilisema kwamba hawa walikuwa watu wa kujitegemea, na anayejitegemea hulipwa kazi ikiwepo. Biashara ya kompyuta ilipoyumba mwanzoni mwa miaka ya 1970, uhuru ule wa kufanya kazi jikoni ulionyesha upande wake wa pili, kwa sababu jikoni hakuna mshahara wa mwezi. Makampuni mengi ya leo yameiga nusu hiyo peke yake: yanamwita mtu "mshirika huru", yanampangia kila dakika, kisha yanamwacha abebe hasara. Wanaojifunza kwa Shirley waitazame pia nusu nyingine. Aligawa faida, na hatua kwa hatua akapeleka robo ya kampuni mikononi mwa wafanyakazi, bila wao kulipa, kutoka kwenye hisa zake mwenyewe. Wafanyakazi 70 wakawa mamilionea. Nikisikia bosi analalamika kwamba walio mbali hawana uchungu na kampuni, huwa natamani kujua wanamiliki nini ndani yake.

Mwaka 1975 Uingereza ilipitisha sheria ya kupinga ubaguzi wa kijinsia, na kampuni ya wanawake ikalazimika kufungua mlango kwa wanaume. Wakati huo ilikuwa imeshabadili jina kuwa F International. Shirley alipenda kukumbuka jinsi wanaume wa biashara walivyoisema: kwanza kwamba inawezekana tu kwa kuwa ni ndogo, kisha ilipokua wakasema ni kubwa lakini haina uzito, na thamani yake ilipopita dola bilioni 3 wakampongeza Steve. Mwaka 1987 alimkabidhi Hilary Cropper uendeshaji, mwaka 1993 akastaafu, mwaka 1996 hisa zikaingia sokoni London. Kampuni, ikiitwa Xansa, ilinunuliwa na Steria ya Ufaransa mwaka 2007. Shirley alifariki tarehe 9 Agosti 2025, akiwa na miaka 91.

Wewe uliyeko Dar na una mtu wako Mwanza, mpigie leo. Usimuulize yuko wapi. Muulize anachokifanya wiki hii kitakuwa kimekamilika kikifananaje, na nani atakikagua. Akisitasita, acha mengine yote, keti uuandike huo ukurasa mmoja ambao ulipaswa kumpa tangu mwanzo, umtumie kabla ya kikao kijacho.